Utomvu Usiosikia Mafuta

Oili ya giaboksi ya gari la zamani ina harufu yake peke yake, harufu ya yai viza lililochanganywa na kitunguu thomu, na mtu akishaivuta utotoni haimtoki. Mimi nilidhani imenitoka. Mwezi uliopita mdogo wangu alinipigia simu nipite gereji moja ya Chukwani, kwa sababu gari la marehemu baba yetu, lililolala bandani miaka chungu nzima, analifufua ili alikodishe kwa maharusi. Nilipofika, zulia lilikuwa limeshang'olewa, kile kifuniko cha bati cha sakafuni kimefunguliwa, na fundi kainama kichwa chini anatukana kimoyomoyo. Harufu ikanipiga kabla ya salamu.

"Shikamoo Bi Mkubwa."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Nati ya waya wa mita ya mwendo. Nimeitia oili siku mbili, nimeigonga, nimeishika kwa koleo, imekataa kutoka kwenye giaboksi. Kutu kama hii sijapata kuiona."

"Si kutu," nikamwambia. "Tia moto."

Akanitazama kama wanavyotazamwa wanawake wanaotoa maoni gereji, lakini akaleta moto wa gesi. Akauzungusha pembeni taratibu, asije akapasua ganda la giaboksi. Pakatoka moshi wenye harufu ya ukucha unaoungua. Kisha akaishika nati kwa koleo, akaisogeza robo, akairudisha, akaisogeza tena, mpaka ikatoka. Kitu chenyewe kidogo, cha shaba, hakifiki hata kifundo cha kidole gumba, na katikati ya meno yake mmejaa gundi iliyogeuka manjano.

"Mjinga gani huyu katia gundi hapa?" fundi akauliza.

"Mtoto wa miaka saba," nikasema. Akacheka, akanitilia kiganjani. Ninapoandika haya, ipo mezani mbele yangu.

Nyie wa rika langu mtayakumbuka magari yale madogo ya Kiingereza, ya mviringo, yenye mita moja tu katikati ya dashibodi, na ndani ya mita mna kidirisha cha namba zinazohesabu maili. La kwetu lilikuwa rangi ya maziwa. Baba alikuwa bwana shamba huko Kizimbani, akienda asubuhi na kurudi alasiri. Sisi tulikaa Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, kwenye kichochoro kisichopitisha hata mkokoteni, kwa hiyo gari lililala uwanjani, mbele ya baraza ya wanywa kahawa. Mimi nilikuwa mtoto wa pekee, na gari lile nilikuwa nikilipenda kama wenzangu walivyopenda paka wao. Nilidhani lina uhai. Likitoka safari nililigusa boneti, nikilikuta la moto nililipulizia.

Baba alikuwa akirudi na harufu ya mdalasini na majani ya mkarafuu. Halafu zikaanza siku ambazo gari lilirudi na harufu nyingine, ya chumvi na kitu kilichooza kidogo, na kwenye zulia la mbele mna mchanga mweupe laini kama unga wa mchele. Mimi niliamua tu kwamba Kizimbani kuna bahari. Nikamwambia Mama siku moja anakuna nazi, "Mama, bahari ya Kizimbani ina mchanga mweupe, eti?" Mbuzi ya nazi ikasimama. Akaniuliza mchanga nimeuona wapi. Nikamwambia. Akaendelea kukuna, na nazi ile aliikuna mpaka kwenye kifuu, tui likatoka jeusi.

Tangu siku hiyo nikapewa kazi. Mama hakuweza kwenda mwenyewe kuchungulia gari mbele ya wanaume wa barazani. Mke wa mtu anachungulia nini kwenye gari la mumewe? Ingefika kwa Baba kabla ya kikombe cha pili. Mtoto hakuna anayemuuliza. Kila Baba akirudi na kupanda juu, Mama hunivuta kando jikoni.

"Nenda kanisomee namba za gari. Zote tano, usiruke hata moja."

"Za nini, Mama?"

"Nnataka kujua limechoka kiasi gani."

Nikaliona hilo ni jambo la huruma sana. Nilikwenda mbio, nikabandika pua kwenye kioo, nikarudi kichochoro kizima nikizisema kwa sauti ili zisinitoke. Mama aliziandika kwa mkaa nyuma ya mlango wa jiko, akatoa za jana, akanipa kipande cha halua. Siku nyingi gari lilichoka kumi na tisa. Siku za mchanga mweupe lilichoka arobaini na sita, mara nyingine arobaini na saba. Siku hizo halua alinipa kubwa zaidi, na yeye hakula.

Ulioniharibia ni ulimi wangu mwenyewe. Baba alinichukua siku moja kunizungusha mjini, na mimi kwa kutaka kumfurahisha nikalisifu gari: "Jana limejitahidi, Baba. Limechoka arobaini na saba." Hakupunguza mwendo. Akaniuliza kwa upole nani kanifundisha kuhesabu vizuri namna ile. Nikamwambia Mama hunituma. Akanisifu, akaninunulia ubuyu, akaniambia mtoto mwenye akili kama mimi iko siku atamhitaji.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi ifuatayo, Mama amekwenda kisomoni. Baba alinipeleka uwanjani, akakunja zulia, akafungua skrubu za kile kifuniko cha sakafuni, na hapo ndipo nilipoivuta harufu ya oili kwa mara ya kwanza. Nikaona tumbo la gari. Baba akaingiza mkono akajikwaruza, akatukana, mwishowe akaifungua nati na kuuchomoa waya mwembamba uliotoka humo. Akaukata kwa koleo.

"Linaumwa?" nikamuuliza.

"Linaumwa. Lina mshipa mbovu. Sasa tulitie dawa." Akachanganya gundi ya mirija miwili juu ya kigae, akairudisha nati mahali pake. "Mkono wangu haufiki nyuma. Wako mdogo. Ipake kote, jaza mpaka kwenye meno. Na Mama tusimwambie, utamtia huzuni bure."

Nikapaka. Nilipaka kwa mapenzi yangu yote. Nilijaza kila upenyo, na huku nikiliambia gari pole. Baba alinishika kiuno nisianguke ndani, na mimi sijapata kumwona ananishika vile kabla wala baada ya siku hiyo.

Gundi ikanigandia vidoleni. Baba alikwishalifikiria hilo. Buti lilikuwa na fenesi zima la Kizimbani, na akanifundisha maneno: "Mama akikuuliza, sema utomvu wa fenesi." Mama aliporudi akauona mkono wangu, akauliza, nikasema nilivyofunzwa. Akanipakata. Akanipaka mafuta ya nazi vidole vyote, kama tunavyofanya sote fenesi likitugandia, akasugua, akasugua tena. Haikutoka. "Utomvu gani huu usiosikia mafuta?" akasema. Basi akaanza kuibandua kwa ukucha, kipande kwa kipande, taratibu asinichune, na akawa ananiimbia. Nilikaa mapajani pake mpaka adhana ya magharibi. Nataka mjue kwamba wakati ule nilijua kuwa ninasema uongo, lakini niliudhani ni uongo wa kumhurumia.

Baada ya hapo kila siku nilileta namba zile zile. Mama alinirudisha mara mbili nikasome tena. Gari linakwenda na kurudi, boneti la moto, na namba hazisogei hata moja. Nilifurahi mno. Nilidhani dawa imekubali na gari halichoki tena. Mama hakuweza kumuuliza Baba kwa nini mita imekufa, maana angejuilikana kuwa anaitazama. Akangoja. Baba alipopelekwa Pemba kikazi siku nane, akaacha funguo kwenye saraka, Mama alimwita kaka yake, fundi wa mashine za boti.

Mjomba alifika siku ile ile baada ya sala ya adhuhuri. Alifikiri ni kazi ya nusu saa, kubadilisha waya tu na kwenda zake. Akaitia oili nati, akavuta sigara akingoja, akaishika kwa koleo. Ikagoma. Akaigonga pembeni kwa nyundo ndogo, pande zote, akajaribu tena. Jasho likamtiririka mpaka puani. Alasiri ikaadhiniwa akaipita. Mimi nimesimama mlangoni mwa gari, na kila nyundo iliposhuka nilihisi meno yangu yananiuma. Nilikuwa ninatazama mgonjwa anapigwa. Alipochukua patasi na nyundo kubwa, sikuweza tena.

"Mjomba usilipige. Lina dawa."

"Dawa gani?"

"Tulilipaka mimi na Baba. Waya wake ulikuwa mbovu, Baba akaukata."

Akashusha nyundo. Akauingiza mkono tena, akakwangua kwa kucha, akautoa na kuunusa. Mwanamume yule alikuwa mcheshi wa kupindukia, kwake yeye hata msibani hapakosi neno, lakini alikusanya vyombo vyake tu, akanirudisha nyumbani. Jikoni akaniambia, "Mwambie mama yako ulichoniambia." Nikamwambia yote, pamoja na fenesi. Nilikuwa ninangoja halua.

Mama hakupiga kelele. Kwanza aliuliza lile ambalo mimi sikulitarajia. "Siku ile nakubandua, ulikuwa unajua si utomvu?"

"Nilikuwa nnajua."

"Ukanitazama tu."

"Ndiyo, Mama."

"Mkono upi?"

Nikaunyoosha wa kulia. Akautazama kama kitu kilichookotwa jaani. "Mkono huo usiutie tena kwenye chakula changu. Wala kwenye chakula cha mtu. Kuanzia leo utakula kwa shoto."

Mjomba akajaribu kusema, akanyamazishwa. Wasiolelewa kama sisi hawatalielewa hili. Mkono wa shoto ni wa chooni. Mtoto hupigwa kibao cha mkono huo kabla hajajua kusema. Na mimi, usiku ule, niliwekwa kwenye sinia nikaambiwa nile nao. Tonge la kwanza lilinirudi. Mama akangoja nilimeze. Kesho yake majirani watatu walikuja kula, na mmoja akashtuka, akataka kunigonga mkono. Mama akamwambia, kwa sauti ile ile ya kuombea chumvi, "Mwache. Wa kulia una kazi ya baba yake." Wanawake wakatazamana, wakacheka kwa wasiwasi. Chuoni kwa Kurani, mwalimu alipogawa kashata, nikapokea kwa shoto, kwa kuwa wa kulia nilikatazwa kuutia hata kwenye chakula cha watu. Akanichapa fimbo ya henzirani kiganjani. Akaniambia nipokee tena. Nikapokea tena kwa shoto. Alinichapa mpaka henzirani ikachanika, na mimi sikutoa wa kulia, kwa sababu nilifikiri nikitii vizuri Mama atanipakata.

Baba akarudi siku ya tisa. Mama akapika samaki wa kupaka, akaandaa sinia moja, tukakaa watatu. Nikatia mkono wa shoto.

"We mtoto, una wazimu?" Baba akasema. "Kula kwa wa kulia."

Nikamtazama Mama. Alikuwa akichambua miba. "Mwambie baba yako kwa nini."

"Mama kasema wa kulia ndio niliopakia gundi gari."

Nilielewa baadaye sana kwamba siku zote tisa zilikuwa kwa ajili ya sentensi hiyo. Mimi nilikuwa barua, na Mama alikuwa akiandika kila mlo.

Baba alimaliza tonge alilokuwa nalo. "Nani kafungua?"

"Kaka yangu."

"Ikatoka?"

"Haikutoka."

"Gundi nzuri ile," Baba akasema. Akachovya tena. "Basi mshajua. Nimeoa mke wa pili, ni mwaka wa pili sasa, yuko Kiwengwa, na ana mimba. Na mimi nshachoka kuendesha huku natazama nyuma." Kisha akanigeukia, akatabasamu kabisa. "Ahsante, mwanangu. Umenipunguzia mzigo." Akabandua nyama nono ya shavu la samaki, ile anayopewa mgeni, akaniwekea mbele yangu.

Nikaila. Nilikuwa na furaha, kwa kuwa wote wawili walikuwa wanasema kwa upole na nikadhani ugomvi umekwisha. Mama alinitazama ninavyoitafuna. Najua ni hapo nilipompoteza. Uongo wa utomvu angeusahau, gundi angeisahau. Lakini kipande kile cha samaki nilikila mbele yake, na nikalamba vidole.

Siku ya pili yake alidai talaka akapewa. Mjomba akaja na gari la mizigo likamngoja uwanjani, na Mama akakunja nguo zake moja moja kitandani. Nilileta zangu nikazipanga kando ya zake. Akazihamisha.

"Na mimi?" nikamuuliza.

"Wewe una kwako."

"Nitakula kwa kulia, Mama?"

"Kamuulize baba yako," akasema, akafunga sanduku.

Baba alinipeleka Kiwengwa kwa gari lile lile, mshale wa mita umelala kwenye sifuri. Huyo mke wake nilimkuta anatoka kwenye mwani, kanga imelowa mpaka kiunoni, tumbo mbele, na mikono imechunwa na chumvi. Nilitaka sana awe mbaya. Aliniwekea wali, akaniona ninanyoosha wa shoto, akauliza, nikamweleza. Akaushika mkono wangu wa kulia, akaunawisha, akautumbukiza yeye mwenyewe kwenye sahani. "Kula. Mkono wako huu." Mdogo wangu anayefufua gari ndiye aliyekuwa tumboni. Nilimpenda mama yule, na kila nilipompenda nilihisi ninalamba tena vidole vile.

Mama hakunijia. Sikukuu nilipelekwa kwa Mjomba alikokaa, Mama hunipa mkono niubusu kisha huingia ndani. Miaka ikapita ya kutosha nikaolewa, nikazaa, nikafiwa na Baba, akafa Mjomba. Ndipo mwaka huu Mama akapigwa na kiharusi, hakuna wa kumchukua isipokuwa mimi. Kilimpiga upande wa kulia. Mkono wa kulia ulilala pembeni yake kama si wake, na maneno yakamtoka yote, lakini akili ilikuwa timamu. Alikuwa akinifuata kwa macho chumba kizima.

Mtu yeyote angemlisha. Mimi siku ya kwanza nilimkalisha, nikamwekea sahani mapajani, nikaisogeza upande wa shoto. "Kula," nikamwambia.

Akaitazama sahani, akanitazama mimi. Alielewa. Nilimwona anaelewa, na ukitaka kujua nilihisi nini, nilihisi utamu. Hakuunyanyua mkono. Nikaiondoa sahani baridi. Jioni nikaileta, nikaiweka pale pale. Siku ya pili hivyo hivyo. Maji nilimpa, maji sikumnyima. Jirani akapita kumjulia hali, akaona sahani imejaa, akasema masikini hana hamu. Nikasema ndiyo, hana hamu.

Siku ya tatu niliona midomo imempasuka nikashindwa. Si huruma, nadhani nilichoka tu. Nikafinyanga tonge kwa mkono wangu wa kulia nikampelekea mdomoni. Akafunga midomo. Halafu mkono wake wa shoto ukanyanyuka, ukanikamata kifundo cha mkono. Akaufungua mkono wangu, wali ukamwagika. Akaanza kunikwangua vidole kwa ukucha. Kimoja baada ya kimoja, taratibu, asinichune, akienda mpaka kwenye mikunjo, kama mtu anayebandua kitu kilichoganda. Alinikwangua muda mrefu, mpaka alipotosheka. Kisha akafungua mdomo, akangoja.

Nilimlisha siku kumi na moja kwa mkono huo. Sikumwomba radhi kwa zile tatu, na yeye hakuwa na ulimi wa kuniomba. Kwenye khitma yake wanawake walinizunguka, wakasema nimepata bahati kubwa ya kumtunza mzazi mpaka mwisho, Mungu aubariki mkono wangu wa kulia. Nikasema amin.